Glasi Nane, Kibao Kimoja

Mke wangu alikufa kwa figo. Nalisema hili mapema, maana kiwandani wakishika kipaza sauti wanasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuweka kibao kimoja cha choo kwa mafundi thelathini na wawili.

Kibao chenyewe ni kipande cha ubao kinachoning'inia kwenye msumari karibu na meza ya msimamizi. Huna kibao, huendi chooni. Kikiwa kimetoka na mwenzako, unabana mkojo wako huku unashona kola za mashati. Kwa hiyo wanawake wa pale waliacha kunywa maji. Mke wangu alikaa hivyo miaka kumi na moja.

Halafu wakubwa wakaleta nesi na bango. Tembea, lala mapema, kula mboga, kunywa glasi nane kwa siku. Kila cherehani ikapata glasi yake na karatasi ya kutia alama. Na choo? Kibao kilekile, msumari uleule.

Mimi nilikuwa mpiga pasi, mwisho wa mstari. Pasi ya mvuke inakunywa kama ng'ombe. Basi mke wangu akawa ananisogezea glasi: "Mume wangu, nywesha pasi." Namimina, tunacheka, yeye anatia alama. Wenzake nao wakafuata. Mstari wetu ukasifiwa kwa afya bora! Siku anapelekwa hospitali karatasi yake imejaa alama tele, na daktari ananiuliza mimi, "Huyu mama alikuwa hanywi maji?"

Tulipomaliza kuzika, wakubwa wakampa binti yetu cherehani ileile, eti kutufuta machozi. Mwezi wake wa tatu pale akaanza kushika kiuno. Mama yake alianza hivyohivyo.

Jumatatu moja akaja na glasi.

"Baba, nywesha pasi."

"Kunywa."

"Kibao kimetoka, baba. Na mbele yangu wako wanne."

"Kunywa, mwanangu. Mama yako nilimmiminia."

Jirani yake akadakia, "Mzee, pasi yako leo imefunga?" Mstari mzima ukacheka.

Binti yangu akanywa kwa hasira, huku amenikazia macho. Nikamsimamia na ya pili, na ya tatu. Ilipofika saa nne alikuwa amebana magoti, sindano inakwenda upande. Kibao kiliporudi, nikaacha pasi, nikakinyakua.

Msimamizi, ambaye sote tulimwita Kipenga kwa sababu hakitoki mdomoni mwake, akakitoa siku hiyo.

"Wewe mzee, ni zamu yako?"

"Ya binti yangu."

"Binti yako sasa ni wa nne."

"Na mama yake alikuwa wa ngapi?"

Binti yangu akaja, akanitoa kibao mkononi. Nikadhani anakwenda. Akakirudisha kwenye msumari.

"Msamehe, bosi. Baba bado ana msiba."

Akageuka kurudi kwenye kiti chake. Hakufika. Sketi ikalowa pale katikati ya mstari, na wanawake wote wakainamia kola zao kama hawajaona kitu.

Kipenga akasema mashati meupe hayashonwi na mtu wa namna hiyo. Tukatolewa wote wawili kabla ya chakula cha mchana.

Binti yangu anamwambia shangazi yake kwamba mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi na kumwaibisha mbele za watu. Mimi nasema ni wale waliotundika bango wakaacha msumari mmoja. Lakini hanisikilizi, hata shikamoo yake siku hizi anaitupia ukuta.

Kila asubuhi namwekea jagi la maji mezani. Nikikaa pale haligusi. Basi natoka, nakaa kizingitini na mgongo wangu kwake, mpaka nisikie anamimina.