Uzito wa Ndege Tupu

Ramani ya ndege ilitoka kwenye mashine ya dada wa fotokopi ikiwa karatasi thelathini na mbili. Kwenye pembe ya karatasi ya kwanza palichorwa mraba wa sentimita tano, na dada wa fotokopi aliuwekea rula kabla ya kuchapa zilizobaki.

"Mara ile mashine ilipunguza michoro ili itoshe karatasi, ukapata ndege kiwete," alisema. "Leo nimepima, mzee. Ni tano kamili."

"Ukinipunja milimita moja itaanguka."

"Zile nyingine zilianguka kwa milimita au kwa macho yako?"

Rubani alicheka, akakunja karatasi zake na kwenda nyumbani.

Watu wa mtaani walimwita Rubani ingawa hakuwahi kurusha ndege yenye mtu ndani. Alikuwa fundi wa ndege za jeshi, fundi wa chini, wa spana na grisi. Tangu astaafu alitengeneza ndege za kivita za mfano, za kurushwa kwa rimoti, akikata kila ubavu wa bawa kwa wembe kutoka kwenye mbao za balsa, ambazo ni nyepesi kama mkate uliokauka. Alishatengeneza tisa, zote za vita vya watu wengine. Ya kumi ilikuwa ile aliyoihudumia mwenyewe kwa miaka minane, ya injini mbili, yenye tumbo la kubebea mabomu. Aliichagua kwa sababu nyingine zilikuwa zimemwishia.

Alizigundisha karatasi sebuleni kwa selotepu, akazifunika kwa nailoni ili gundi isizishike, akaanza kubana mbavu kwa pini juu ya michoro yake. Mkewe, mshonaji, alikuwa dirishani kwenye cherehani. Giza lilipokaribia, shemeji yake aliingia na kukaa kwenye benchi la ukutani, kama kila jioni.

Shemeji alikuwa dada mkubwa wa mkewe. Aliuza chai sokoni, na alikufa soko lilipoungua, miaka arobaini na mitatu iliyopita. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuongeza hata mmoja. Mshonaji, mwenye nywele nyeupe zote, aliinuka kwenye cherehani kwa kujishika kiuno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Magoti?"

"Yapo yapo tu."

Rubani alioa miaka miwili baada ya moto ule, kwa hiyo alimfahamu shemeji yake akiwa marehemu tu. Hilo halikuwazuia kutaniana.

"Shemeji, hii ya leo ina kitambi," alisema shemeji.

"Ni tumbo la mzigo hilo."

"Mzigo gani?"

"Hii ya mfano. Haina mzigo."

Shemeji aliitazama ramani pale sakafuni, kisha akamwomba mdogo wake amsimulie mambo ya wateja.

Kwenye ukuta wa soko palikuwa na kibao cha manispaa. Kilisema kwamba mahali pale walifariki watu thelathini na tisa kwa moto ulioanzia kwenye jiko la muuza chai. Wale wengine thelathini na wanane nao walikuwa wamekisoma. Huko waliko, shemeji akikaa kwenye benchi wenzake waliinuka wakahamia jingine, na ndiyo maana jioni alikuja kukaa kwa mdogo wake. Kila mwaka mshonaji aliandika barua kuomba maneno yale yafutwe. Rubani ndiye aliyeleta bahasha, na ndiye aliyeilamba gundi yake.

Mwezi wa pili mifupa ya ndege ilikamilika. Rubani alikuwa na desturi ya kupima kila kipande kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu zake pembeni mwa ramani. Jumla ilikuwa kilo moja na gramu mia tisa. Alipoipima ndege nzima, mizani ilisema kilo mbili na nusu. Alifungua milango miwili midogo ya tumbo, akachungulia. Hapakuwa na kitu. Mizani ikashuka hadi kilo moja na mia tisa. Akafunga milango. Kilo mbili na nusu.

Aliibeba kwa vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kwenye alama ambayo ramani inataka ndege ikae sawa kama mizani. Mkia ukazama. Alitia nati tatu puani, ukazama bado. Akatia nyingine nne, ndipo ikalala sawasawa vidoleni. Akaiweka chini.

Alijua ni nini. Alikwisha kuubeba uzito ule.

Ndege za mfano huvalishwa plastiki nyembamba inayonywea kwa joto la pasi, na pasi ya nyumba ile ilikuwa ya mshonaji. Baada ya kugombana naye juu ya pasi hiyo kwa ndege mbili za kwanza, mshonaji aliamua kuzivalisha mwenyewe, kwa sababu mumewe alipiga pasi, kama alivyosema, mfano wa mtu anayeua mende. Asubuhi moja, mota zikiwa zimeshafungwa, walikuwa kwenye bawa la kushoto, kipande cha mwisho, yeye akipitisha pasi, Rubani akivuta plastiki.

"Siku ya moto," alisema Rubani, "ndege yetu ilipita juu ya soko."

"Hilo kila mtu analijua. Ilikuwa mazoezini. Ilikuwa tupu."

"Haikuwa tupu. Nilipakia mabomu manne kwa mikono yangu. Kitasa cha tumbo kilikuwa kimelika, nikamwambia mkuu wa kikosi, akasema iruke hivyo hivyo. Ilirudi na mawili. Moshi ulionekana mpaka kwetu. Mkuu akaleta fomu mpya ya uzito, akasimama nyuma yangu. Kwenye mzigo nikaandika sifuri. Tukasaini wote wawili. Na mzigo ule sasa umo humu; ukifunga milango, mizani inauona."

Pasi ilifika mwisho wa bawa, ikarudi.

"Na ulipokuja kunichumbia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na bahasha ulikuwa unalamba."

"Ndiyo."

Mshonaji aliisimamisha pasi. Alitazama bawa, mahali ambapo plastiki ilikuwa imeanza kukunjana kwa sababu mkono wa mumewe ulilegea.

"Vuta hapo," alisema. "Usiniharibie kazi. Kesho tunakwenda ofisi ya kumbukumbu, na ndege utaibeba wewe."

Tangu siku hiyo alimtengea chakula kama kawaida, ila hakumwita tena kwa jina lolote.

Karani wa kumbukumbu alikuwa mtu wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi wa viatu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaondoa vifurushi kwenye mizani ya ofisi, akaweka ndege. Alipima milango ikiwa wazi, akapima milango ikiwa imefungwa, akarudia mara tatu kwa sababu taratibu zilitaka mara tatu.

"Gramu mia sita," alisema. "Tumbo ni tupu na lina mzigo. Nimeshuhudia." Akaandika. Kisha alitoa jalada kuukuu na kuwaonyesha fomu yenyewe: sifuri ya Rubani, mviringo mzuri, na chini yake saini mbili.

"Basi futa," alisema mshonaji.

"Fomu yenye saini mbili hurekebishwa na watu wawili, mama. Mzee huyu yupo. Mkuu wa kikosi yuko wapi?"

"Alikufa," alisema Rubani. "Alizikwa kwa kupigiwa mizinga."

"Hiyo haina shida. Aje siku yoyote ya kazi, kabla ya saa tisa."

"Hajawahi kuja?" aliuliza mshonaji.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Niko dirisha hili mwaka wa ishirini na mbili," alisema. "Wanakuja wengi. Wapagazi, wapishi, akina mama na watoto mgongoni. Mkubwa hajarudi hata mmoja. Wanaorudi ni wadogo tu."

Aligonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye maelezo ya Rubani, akawapa nakala, akarudisha jalada mahali pake.

Jioni mshonaji alimweleza dada yake yote, kuanzia kitasa mpaka muhuri. Shemeji alisikiliza huku mikono yake ikiwa mapajani. Mikono ile ilikuwa na makovu ya mvuke wa birika, ya zamani, ya kazini.

"Kwa hiyo nilizima jiko," alisema hatimaye. "Nimekaa miaka yote hii nikijiuliza kama nilizima."

Aligeuka kuitazama ndege mezani.

"Shemeji, inaruka hiyo?"

"Inaruka, ila ni nzito."

"Irushe nyuma ya soko, kwenye uwanja wa mpira. Kesho, muda kama huu."

Siku ya pili Rubani alisimama uwanjani na rimoti shingoni. Mshonaji alikuwa upande wake wa kulia, hatua tatu mbali. Shemeji alikuwa kwenye mstari wa goli. Kwenye ngazi za watazamaji walikaa watu wachache wenye nguo za mtindo wa zamani. Muuza mayai alikuwa na trei yake. Mwanamke mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Walikuwa wamejitenga na shemeji, kama huko waliko.

Ndege ilikimbia kwenye majani mpaka ikakaribia goli la pili, ndipo ikainuka. Ilipanda kwa shida, mota zikilia, bawa moja likitaka kulala. Rubani aliizungusha mara mbili juu ya uwanja. Kwenye rimoti kulikuwa na swichi ya tatu, ya milango ya tumbo, ambayo hakuwahi kuigusa.

"Fungua," alisema mkewe.

Alibonyeza. Milango ilifunguka na hakikudondoka kitu. Ila ndege iliruka juu, ghafla, mita nzima, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Katikati ya uwanja majani yalilala chini kwa duara, yakabaki vile.

Muuza mayai alikuwa wa kwanza kusema.

"Ndege tupu hairuki hivyo."

"Hairuki," alisema mwanamke wa kiatu kimoja.

Ndege ilitua. Rubani alifunga milango, akaiinua, na uzito ulikuwa umo bado. Nyumbani alichukua penseli, akaandika pembeni mwa ramani, chini ya gramu za mota na betri: mzigo, mia sita. Nati hakuzitoa.

Jioni iliyofuata muuza mayai alibisha hodi. Mshonaji alimkaribisha. Alisimama mbele ya ndege, akaweka trei chini, akatia vidole viwili chini ya mabawa na kuinua. Akakaa nayo hivyo, akiusikia uzito. Kisha aliirudisha mezani taratibu, akaenda kwenye benchi la ukutani na kukaa karibu na shemeji, bega kwa bega.

"Habari za siku nyingi, mama chai," alisema.

"Nzuri. Ulikuwa unanidai yai moja?"

"Mawili."

Kesho yake alikuja mwanamke wa kiatu kimoja, na keshokutwa wakaja wapagazi watatu kwa pamoja. Kila mmoja aliinua ndege kwa vidole viwili, akaiweka, akaenda kukaa. Rubani aliwaamkia wote. Walikuwa wadogo kwake, wengine wa umri wa wajukuu, lakini aliona hana shikamoo ya kudai, kwa hiyo alianza yeye. Hawakuitikia. Walimzunguka kama wanavyozunguka kabati.

Mwezi huo, kama kila mwaka kumbukumbu ya moto inapokaribia, mchoraji wa manispaa alikwenda sokoni na kopo la rangi nyeupe. Mshonaji alikuwa pale akinunua vifungo. Mchoraji alisugua vumbi kwenye kibao, akapitia herufi moja moja kwa brashi nyembamba, na alipofika kwenye jiko la muuza chai alipunguza mwendo, kwa sababu rangi ya hapo ilikuwa imebanduka zaidi. Alifanya kazi safi. Maneno yalisomeka mpaka ng'ambo ya barabara.

Jioni walikuja wengine sita. Benchi lilijaa, sakafu ikajaa, cherehani ikasogezwa. Mshonaji alisimama kwenye mlango wa jikoni. Rubani alisimama karibu na ndege yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukaguliwa.

"Shemeji," alisema muuza chai kutoka katikati ya wenzake, "tumebanana huku."

Rubani aliingia chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda mbao za balsa alizokuwa ameiwekea ndege ya kumi na moja. Zilikuwa nyembamba, za kuvunjika kwa kukaliwa na paka. Alizipima kwa jicho. Kwa wale waliokuja zilitosha, kwa kuwa hata mmoja wao hakuwa na uzito wowote. Akachukua rula na wembe, akapiga magoti sakafuni kati ya miguu yao, akaanza kukata benchi.