Kikombe Kisichotakata

Nyumbani kwetu uliruhusiwa kulia popote, hata chooni, lakini kumwaga maji ya udongo kwenye sinki ilikuwa kesi. Mama alikuwa mfinyanzi na karakana yake ilikuwa nusu ya jiko letu. Nusu ya pili aliwaachia masufuria na Baba.

Sheria yake ilikuwa ya ndoo. Ukishika udongo, unanawa kwenye ndoo ya kwanza, unasuuza kwenye ya pili, ndipo unaruhusiwa kulisogelea bomba. Ndoo zinalala. Asubuhi udongo umekaa chini na maji yako juu, meupe. Maji unamwagilia maua, udongo unarudi kazini. Sheria ilitungwa baada ya Baba kumwaga ndoo nzima sinkini akijidai kusaidia, na fundi bomba akavuta kutoka kwenye ule mpindo wa bomba chini ya sinki donge refu kama soksi ya mtu mnene.

"Mume wangu," Mama alimwambia, "wewe nisaidie kukaa."

Mama alipofariki, kilibaki kikombe kimoja juu ya rafu. Kikubwa, maana Baba alilalamika maisha yake yote kwamba vikombe vya Mama ni vya kunyweshea kuku. "Haya, nakutengenezea pipa," alimwambia, na akalitengeneza kweli. Juu ya mkono wa kikombe alibonyeza dole gumba lake, ili Baba akinywa aweke la kwake hapo hapo.

Kilikuwa kimekauka lakini hakijachomwa. Baba aliogopa kukipeleka tanurini kisije kikapasuka. Kila asubuhi aliweka dole lake kwenye shimo la dole la Mama, taratibu, halafu akanywa chai kwenye kikombe cha kuku. Mwishowe akajikaza. "Jumamosi tunakipeleka," akaniambia.

Ijumaa akaja Shangazi.

Shangazi yangu akiingia peponi ataanza kwa kufuta vumbi. Nilimkuta jikoni, mikono ya gauni imekunjwa, povu mpaka viwikoni, maji yanatiririka.

"Jamani, hiki kikombe kilitumika kuchimbia kisima?" alisema bila kugeuka. "Nasugua, uchafu unatoka. Nasugua tena, unatoka!"

Udongo ambao haujapita motoni, hata uwe mkavu kama biskuti, ukikutana na maji unarudi kuwa tope. Uchafu aliokuwa anausugua ndio uliokuwa kikombe chenyewe.

"Shangazi, acha."

"Niache nini, na bado kidogo kitakate?"

Mimi ambaye nyumbani wananiita Redio kwa utani usioisha, nikarudia neno lile lile: "Acha." Baba akaingia. Akatazama rafu, kisha mikono ya dada yake.

"Kaka, vyombo vyenu hivi!" Shangazi alikuwa bado anacheka. "Kimeniishia mkononi. Nitakununulia kingine kizuri."

"Kimeisha?"

"Chote. Na sinki lenu nalo limegoma, ona maji yamesimama. Ngoja nifungulie kwa nguvu yasukume."

"Usifungulie!"

Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akimpigia dada yake kelele. Alifunga bomba, akavuta ndoo ya kwanza, akapiga magoti na kuisukuma chini ya sinki. Akaufungua ule mpindo kwa mikono. Maji ya kijivu yakashuka, yakafuatiwa na tope zito lenye povu, nywele na punje za wali.

Shangazi akanivuta pembeni. "Mtoto wewe, kuna nini?"

Nikamwambia. Aliketi sakafuni na povu lake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Humu ndani kila mtu anajua, Shangazi."

"Na mimi ni wa wapi?"

Baba alikuwa ameingiza vidole ndani ya bomba, anapapasa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda gizani.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Dole," alisema. "Lilikuwa hapa juu ya mkono."

Nikajaribu kazi yangu ya utani. "Baba, basi tumerudi kwenye vikombe vya kuku."

Alicheka. Kicheko kilitoka vizuri kabisa, kikafika katikati, kikavunjika, akabaki ameegemea mlango wa kabati la sinki, analia. Shangazi alijisogeza kwa magoti, akamshika mgongo, akalia naye bila kusema samahani, maana ilikuwa ndogo mno.

Baadaye alimwambia, "Nyanyuka unawe, kaka."

Baba alisimama mbele ya sinki. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye bomba alipousimamisha. Akarudi kwenye ndoo ya kwanza, akanawa. Akasuuza kwenye ya pili, kidole kimoja kimoja, mikono yote miwili. Dole gumba la kulia hakulitia majini. Alilikunja ndani ya kiganja, na udongo wake.