Cherehani ya Plastiki

Bi Mwanakheri alikuwa na waume wawili: marehemu, aliyezikwa Mwanakwerekwe zamani, na Kheir, mjukuu wake, ambaye tangu akiwa mgongoni alimwita mume wangu. Sasa Kheir anaoa Ijumaa, na mume wa Bi Mwanakheri haendi kwenye nikaha na kofia ya kununua Darajani. Aliyokuwa akimshonea, nyeupe, imebaki viua thelathini na kimoja, kila kimoja tundu dogo la kuzungushiwa uzi kwa mkono. Vidole ndivyo vilivyogoma. Sindano ilikuwa nyembamba mno kwa mikono yenye baridi yabisi, na Jumanne alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kofia apelekewe jirani aimalizie, na sanduku la nyuzi achukue moja kwa moja.

Hilo la sanduku lilimchoma Mardhiya, dadake Kheir. Alikuwa ameshachora kishikio cha sindano, kinene, kwa kipimo cha kiganja cha bibi yake. Kilichobaki ni kukichapa, na hapo ndipo ulipokuwa mkasa, maana printa yake hakuinunua. Aliiunda mwenyewe kwa mota za mashine mbovu za fotokopi na vyuma vya kuokoteza, akaiweka mezani ukumbini, nyumbani kwao Mkunazini. Haichapi karatasi. Huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kikasimama. Kwa kuwa inakula uzi, Bi Mwanakheri aliiita cherehani.

Jumatano asubuhi cherehani nayo ikagoma. Kichwa kinachotoa plastiki kilisogea shubiri moja, kikanguruma, kikakwama. Mchana kilianza kuteleza chenyewe, lakini joto likakataa: plastiki inataka digrii mia mbili, nalo lilifika mia na hamsini likasita, mashine ikajizima kwa usalama wake. Mardhiya alibadilisha waya wa kupimia joto, akakaza skrubu, akalegeza mikanda, akaikaza tena. Akikaa nayo, joto linapanda; akienda jikoni kutazama chungu, akirudi anaikuta imezimika. Akaanza kuamini ina chuki naye.

Alhamisi asubuhi kichwa kilikwama tena. Mardhiya aliketi sakafuni, machozi karibu, akalalamika kuwa inagoma asubuhi tu. Bi Mwanakheri hakushangaa.

"Kama vidole vyangu, mke mwenzangu. Kipupwe hiki, mpaka jua lipande ndio vinafunguka. Na mafuta naipaka kila siku."

Mardhiya aliinua kichwa, akauliza mafuta gani. Bibi akaonesha dirishani, kwa fahari ya mtu aliyetunza cherehani miaka hamsini: mafuta yenyewe yalikwisha, kwa hiyo alitumia ya nazi, mazuri, aliyoyapika mwenyewe. Yalikuwa yameganda chupani, meupe kama mshumaa. Vyuma ambavyo kichwa huteleza juu yake vilikuwa na utando ule ule.

Mardhiya akauliza, taratibu, kama kuna kingine alichoifanyia. Hakuna, akasema bibi, isipokuwa feni. Kila Mardhiya akienda jikoni yeye huielekezea feni, maana maskini inahema kwa joto, na akisikia kandambili zinarudi huizima kuokoa umeme.

Mardhiya alicheka mpaka akalala chali. Siku mbili anafungua skrubu, kumbe mashine haina kosa ila kupendwa. Alipoeleza kuwa inataka joto na haitaki kupepewa, Bi Mwanakheri naye akacheka hadi kanga ikamdondoka kichwani, akasema kumbe amemkirimu mgeni nusura amuue.

Wakafuta vyuma, Mardhiya akashuka dukani kununua mafuta ya cherehani, wakaizungushia mashine boksi kubwa kuzuia upepo. Joto likapanda mpaka mia mbili, likatulia hapo. Bi Mwanakheri alivuta kiti, akakataa kunyanyuka hadi kishikio kilipokamilika, cha kijani, bado kina vuguvugu.

Alikipachika sindano. Ikaingia kitambaani, ikatoka, uzi ukafuata. Alipomaliza kiua kimoja aliutazama mkono wake kwa muda mrefu, kisha akaanza cha pili. Mardhiya akamsogezea sanduku la nyuzi.

Ijumaa baada ya Alasiri Kheir aliozwa akiwa na kofia yake kichwani, viua vyote kamili. Jioni, biriani ingali mezani, Mardhiya alimkuta bibi yake amekaa na sanduku la nyuzi, kishikio mkononi, anaanza kitambaa kingine cheupe. Akamuuliza hiyo ya nani.

"Ya mumeo."

"Sina mume, Bibi."

"Na atafute njia yake polepole," alisema Bi Mwanakheri, akivuta uzi. "Viua ni mia sita, na mimi nna muda."