Furu Zilizokunjamana

Chupa ya arobaini na moja ilikuwa na ukoko wa majivu chini, na mwosha chupa wa maabara alikuwa akiukwangua kwa brashi harufu ilipomfikia. Akaacha maji yamwagike. Miaka kumi na tisa hakuwa ameinusa, lakini aliijua kabla hajageuka. Furu!

Mtaalamu, kijana wa koti jeupe aliyepima lishe ya matunda ya porini, alikuwa amemwaga gunia zima juu ya meza ya bati na sasa anachambua. Zile ngumu za kijani aliziweka kwenye sinia la kusagwa. Nyeusi zilizokunjamana, zinazotoa utomvu mtamu ukizibonyeza, alizitupa kwenye ndoo ya manjano, ndoo ya vitu vya kuchomwa.

Mwosha chupa alishikwa na uchungu. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani, siku ya kumi na mbili hajala cha maana. Unga wa kopo alioandikiwa kliniki anautema. Ukimuuliza roho yake inataka nini, jibu ni lile lile: furu. Na sokoni kulikuwa na kila kitu isipokuwa furu.

"Mtaalamu, samahani. Umezigeuza."

"Nimegeuza nini, mama?"

"Hizo unazotupa ndizo zenyewe. Hizo za kijani hata nyani hawazigusi. Kwetu furu haichumwi, inaokotwa. Unaiacha idondoke, ilale chini siku mbili tatu, ikunjamane. Hapo ndipo imeiva."

Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alitabasamu, akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. "Fomu inasema tunda zima, lisilo na mchubuko wala mkunjo. Tunaitumia hata kwa matofaa."

"Aliyeiandika aliwahi kuona furu?"

"Mama, chupa."

Akarudi kwenye chupa zake. Mashine ilipoanza kusaga zile za kijani, hakusikia harufu yoyote tamu, na hakushangaa. Alipoona kijana amekaa kunywa chai, akajikaza.

"Basi nipe konzi moja ya kwenye ndoo. Mama yangu anaumwa, anazililia."

"Pole sana. Lakini sampuli haziliwi, ndiyo sheria. Wakiniuliza nitasema nini?"

Alasiri kijana alikuwa kwenye simu, mguu juu ya kiti. "Furu? Aa, hamna kitu. Sukari kidogo, madini ya kutafuta kwa tochi. Kwa chakula cha shule siipendekezi. Waendelee na unga wa kopo." Akacheka na mtu wa upande wa pili, akakata simu, kisha akamwambia mwosha chupa apeleke ndoo tanurini.

Nyuma ya ukuta wa stoo hakukuwa na mtu. Akavua kilemba, akachota konzi moja ya furu, akafunga fundo, akajifunga tena kichwani. Miaka yote hiyo pale kazini hakuwahi kuchukua hata kizibo.

Mzee wa tanuri, waliyemwita Moshi, aliweka ndoo kwenye mizani, akatazama karatasi ya uzito iliyokuja nayo, akatazama tena mizani.

"Imepungua."

"Zimenyauka njiani, baba."

"Kutoka mlango ule mpaka hapa?"

Moshi akamtazama kilemba, kilichokuwa kimeanza kulowa weusi upande wa sikio. Akakohoa. Akaandika uzito ule ule wa kwenye karatasi.

"Jua la leo kali kweli," alisema, akamimina ndoo motoni. Harufu ikapanda, sukari inayoungua, na mwosha chupa akasimama pale akililia utoto wake waziwazi, bila kujificha.

Mama yake alikuwa amelala akitazama ukuta. Fundo lilipofunguliwa kando ya mto, pua yake ndiyo iliyoamka kwanza. Akajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki iliyopita. Akala moja, akanyonya kokwa mpaka ikabaki nyeupe. Akala ya pili. Ya nne. Ulimi ukawa mweusi kama chungu.

"Umezipata wapi, mwanangu?"

"Kazini. Wanazipima."

"Wanazipima nini?"

"Kama zina faida mwilini. Wameona hazina."

Mama akatafuna taratibu, akiwaza. "Wamezionja?"

"Hapana, mama. Hairuhusiwi."

Mama akacheka, kicheko kidogo chenye kikohozi, kisha akanyoosha mkono wenye furu ya mwisho. "Basi onja wewe. Halafu niwekee uji."

Mwosha chupa akaitia mdomoni. Ilikuwa vile vile, hakuna kilichopungua. Akainyonya huku akipuliza moto chini ya sufuria, na hakuitema kokwa mpaka uji ulipoiva.

Asubuhi alioga, akavaa sare safi, akafunga kilemba kile kile chenye doa. Mswaki aliuacha palepale kwenye kikombe. Akaenda kazini na ulimi wake mweusi, kumsalimia mtaalamu.