Kuhesabu Kuanzia Sifuri

Kumi nukta tisa. Deodatha alipiga hesabu mara ya pili, likatoka lilelile. Jibu lilitakiwa kucheza kwenye tisa nukta nane. Hata tujisifu vipi, dunia haivuti vitu kwa nguvu zaidi hapa Karagwe.

Ulikuwa mtihani wa fizikia kwa vitendo, kidato cha nne. Golori imefungwa kwenye uzi; unaiachia, unawasha stopwochi, unahesabu ikienda na kurudi mara ishirini. Kazi ya kitoto. Sasa kosa liko wapi? Akaiachia tena, na mdomo wake mwenyewe ukamsuta.

"Moja."

Moja ya nini, na golori haijaenda popote? Mazoea ya kwao Kanoni hayo: debe la kwanza la kahawa likimiminwa tu, moja. Golori si kahawa. Mpaka iende na kurudi ndipo useme moja, kwa hiyo ishirini zake zote zilikuwa kumi na tisa.

Alikata jedwali, akaanza upya. Muda ulikuwepo. Ndipo akasikia mnong'ono meza ya pili.

"Moja."

Ni Noela, rafiki yake, aliyekosa masomo muhula mzima akimuuguza mama yake. Na nani alimfundisha kuhesabu hivyo, nyuma ya jiko, kwa jiwe na kamba ya mgomba? Deodatha huyuhuyu. Fizikia ikimwangusha Noela, chuo cha uuguzi ndiyo basi tena.

Kumsemesha ni kufutiwa mtihani. Deodatha akaiachia golori yake.

"Sifuri," alisema kwa sauti.

Mwalimu Anastazi, msimamizi kutoka shule nyingine, akageuka. "Binti, hesabu kimoyomoyo."

"Samahani, mwalimu."

Noela hata kichwa hakuinua. "Moja," akanong'ona tena. Jamani, mtoto huyu ana masikio kweli?

"Sifuri," Deodatha akarudia.

"Unampa nani majibu?" Anastazi alikuwa amefika mezani. "Ukirudia, karatasi naichukua."

Jedwali lake jipya lilikuwa na mstari mmoja tu. Akaiachia golori.

"Sifuri," alisema taratibu, lisikike vizuri.

Karatasi ikanyakuliwa. Noela sasa alikuwa amekodoa macho kwenye ile golori inayobembea bila mtu. Akakata jedwali lake lote, akaiachia ya kwake, kimya.

Deodatha alitolewa nje akilia. Mlangoni alimsikia Noela akisema moja, golori ikiwa imesharudi.