Kiti 14A Huruka Alhamisi

“Simama, shangazi, simama, kimekuja! Na mkanda kinao!”

Kilikuwa kimechelewa dakika arobaini, na kwa shirika la ndege la taifa huko si kuchelewa. Kilishuka taratibu juu ya lami, kikakwepa gari la mizigo, kikasimama mbele ya geti namba nne kama mtu anayeuliza mwisho wa foleni uko wapi. Kiti kimoja, cha bluu, kitambaa kimechakaa pa kuwekea mikono, namba 14A imeandikwa ubavuni. Kwa kuwa kilikuwa cha dirishani, kilikuja na dirisha lake.

Aliyepiga kelele alikuwa karani wa tiketi wizarani, miezi mitatu tangu atoke chuoni, na kila mtu alimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Aliyemshika mkono ni shangazi yake, fundi cherehani wa hospitali ya serikali. Miaka ishirini na sita shangazi ameshona mashuka ya wodini na magauni ya chumba cha upasuaji, mpaka jicho la kulia likazima, na la kushoto likabaki kuona watu kama nguo zilizoanikwa: anajua kuna kitu hapo, hajui ni nani. Ndiye aliyemlea Chiriku. Mara ya mwisho kuuona uso wake sawasawa, Chiriku alikuwa bado anavaa sare ya shule.

Jopo la madaktari lilikubali apasuliwe nje ya nchi, serikali ilipe, Ijumaa saa nane mchana. Akiikosa hiyo, nafasi nyingine ni mwaka ujao, na daktari alisema jicho halitafika mwaka ujao.

Barua ya jopo ikapanda ngazi hadi kwenye meza ya nani? Ya Chiriku! Alipoliona jina alipiga kigelegele mpaka mama wa chai akamwaga sukari. Kisha akafungua kitabu cha kanuni, na kigelegele kikaishia hapo.

Kanuni ya nane inasema anayesafiri nje kwa gharama ya serikali atapanda ndege ya shirika la taifa, iwapo shirika hilo lina safari ya kwenda huko. Si kanuni mbaya. Iliwekwa ili shirika lisikose abiria. Tatizo ni kwamba shirika lilikuwa na ndege moja, na ndege hiyo ilikuwa imekaa kwenye majani nyuma ya karakana miaka tisa, bila injini. Viti vyake vya safu ya mbele vilishang'olewa, viko kwenye chumba cha wageni cha mkurugenzi wa safari wa wizara, na ni laini kwelikweli. Lakini ratiba ya ukutani ilikuwa bado inasema: Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kupanda ndege nyingine kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji muhuri wa shirika kwamba haliruki. Chiriku akaenda mwenyewe, mbio, chakula cha mchana hajala. Kaunta ya shirika ilikuwa inang'aa unaweza kujitazama. Nyuma yake alikaa mzee wa tai, mmoja wa wafanyakazi sita waliobaki.

“Shikamoo, mzee wangu. Naomba unigongee muhuri mmoja tu, mdogo, wala hauchukui nafasi.”

“Marahaba, mwanangu. Muhuri wa nini?”

“Kwamba hamruki.”

Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli. “Mama, nikigonga hapo kwamba haturuki, kesho asubuhi nakuja hapa kufanya nini?”

“Lakini si kweli hamruki?”

“Ratiba inasema tunaruka.”

“Mzee, nimeiona kwa macho yangu! Magugu yamefika mlangoni!”

“Imeegeshwa,” alisema mzee. “Kitu kilichoegeshwa hakijafa.”

Mkurugenzi naye alikuwa anakwenda jiji lile lile, Alhamisi ile ile, kwa ndege kubwa ya nchi nyingine. Kibali chake kilikuwa kwenye faili, na mbele ya neno “sababu” kulikuwa na neno moja: mgongo. Vibali vya mgongo hutolewa na mkurugenzi. Chiriku alipomuuliza kama macho nayo hayawezi kuingia hapo, alijibiwa kwa upole, tena akakaribishwa kukaa kwenye kimoja cha vile viti.

“Binti yangu, tukianza na macho, kesho watakuja wa figo.”

Wa figo walikuwa wameshakuja. Kwenye droo ya Chiriku kulikuwa na majina kumi na saba.

Ikabaki njia ambayo makarani wa zamani walimfundisha wiki yake ya kwanza. Abiria wa serikali akikaa getini kwa muda wa saa sita na ndege ya taifa isitokee, afisa wa geti humwandikia HAIKUJA, na kwa karatasi hiyo anaruhusiwa kupanda ndege yoyote ya jioni. Watu wa wizara wanaijua hiyo. Huenda uwanjani na mto, vitafunwa na karata. Shangazi angeondoka jioni, angefika Ijumaa asubuhi, hajanawa uso, lakini angefika.

Basi Chiriku akaandika tiketi ya ndege isiyo na injini, kwa herufi kubwa, bila kufuta hata mara moja. Makarani wengine hapo huacha nafasi ya namba ya kiti wazi. Kiti cha nini? Chiriku akaijaza: 14A, dirishani. Shangazi hajapanda ndege maisha yake yote, na hata kama hiyo haiji, alistahili dirisha. Ndilo kosa lake, kama lilikuwa kosa.

“Kiko wapi?” shangazi akauliza pale getini.

“Mbele yako, hatua tatu. Bluu!”

“Kisafi?”

“Kina vumbi kidogo, lakini hapa kwenye kisahani cha majivu kuna peremende, shangazi! Peremende!”

Shangazi akatoa leso, akakipangusa kiti, akakaa. Afisa wa geti, mama mmoja mwenye redio ya mkononi, akalinganisha namba ya tiketi na namba ya kiti, akachana kipande chake. Akauliza kama begi lina kitu chenye ncha. Mkasi ukabaki kwa Chiriku. Sindano ya mkono ikaruhusiwa.

“Kaza mkanda mpaka usikie tak, mama.”

Tak.

“Ahsanteni,” alisema shangazi, akigeukia upande ambao hakuwepo mtu. “Ahsanteni sana, jamani, mmenijali.”

Kiti kikainuka, kikanyooka, kikapita juu ya karakana. Afisa akaandika IMEONDOKA kwenye daftari, akafunga geti.

Chiriku alikimbia hadi kaunta ya shirika kumshukuru mzee wa tai. Mzee alikuwa amevaa kofia yake rasmi.

“Nilikwambia imeegeshwa,” alisema, akamsogezea kitabu cha maoni ya abiria. Kilikuwa na miaka tisa bila neno. Chiriku akajaza kurasa mbili na nusu, akambusu mzee mkononi, akarudi kazini akiwa amechelewa.

Jumatatu ukaja waraka, na kazi ya kuuchapa akapewa yeye. Ulisema imethibitika kwamba shirika la taifa linaruka. Kwa hiyo kusubiri getini kumefutwa, na wagonjwa wote watasafiri kwa 14A, mmoja mmoja, kwa zamu, wa pili akiondoka wa kwanza akisharudi. Vibali vya mgongo vinaendelea kama kawaida. Chiriku akayapanga majina kumi na saba kwa tarehe. La mwisho, la mwalimu mmoja mgonjwa wa figo, likaangukia mwezi wa nane mwaka ujao. Akalisoma mara mbili, akagonga muhuri.

Shangazi alirudi Jumanne ya wiki iliyofuata, saa tisa mchana, dakika arobaini na tano nyuma ya ratiba ya kurudi. Kiti kilikuwa kimevaa kitambaa kipya cheupe pale pa kuegemeza kichwa, kimezungushiwa uzi wa kijani, na katikati neno AHSANTE limeshonwa kwa mkono, herufi zimenyooka.

Nyumbani wakakaa karibu na dirisha. Chiriku alimimina chai nje ya kikombe kwa kuongea.

“Kulikuwa na baridi? Mawingu yanagusika? Ulikula nini? Peremende uliila? Niambie, niambie!”

“Nilimwona bosi wako.”

“Hospitali?”

“Juu. Leo, wakati wa kurudi. Ndege yao ilitupita kwa karibu. Amelala, kajinyoosha, viti vitatu peke yake.”

“Umemjuaje, na hujawahi kumwona?”

“Ule mto wa mgongo wake niliushona mimi. Mshono wangu naujua. Nikampungia mkono.”

“Akakuona?”

“Alishusha pazia la dirisha. Jua lilikuwa linampiga usoni, maskini.” Akapuliza chai. “Mimi sikushusha langu. Nilitazama kila kitu, mwanangu. Hata maji yaliyotuama kwenye mashimo ya barabara, nilitazama.”

“Na halafu? Mlipofika juu ya milima? Na madaktari je? Na—”

Shangazi akaweka kikombe chini, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

“Hili kovu la kwenye nyusi umelipata lini?”

“Hilo? La zamani. Nilianguka na baiskeli mwaka wa kwanza chuoni.”

“Uliniambia ni mkwaruzo.”

“Ulikuwa mkwaruzo mkubwa.”

Shangazi akapitisha kidole gumba juu ya kovu, taratibu, kama anayepima pindo.

“Sasa nyamaza, nikutazame kwanza,” alisema. “Mengine nitakwambia kesho.”