Jogoo Anayekohoa

Binti yangu Noela alikataa kuongea na mimi kwenye simu.

Ana miaka saba. Anaongea na mbuzi, anaongea na sufuria, lakini baba yake akipiga anapokea, anapumua, basi. Mimi ni dereva wa lori. Msimu wa korosho nakaa Nalasi, huko Tunduru, wiki nzima nikisubiri mzigo, na nyumbani ni Mfaranyaki, Songea. Zile simu za jioni ndizo nilizokuwa nazo. Humo nilipata habari za nani kapigana na nani shuleni na mbuzi kala nini. Nikizikosa, hata ugali wa mgahawani haukuwa na ladha.

Sababu naijua. Jioni Nalasi kuna drafti chini ya taa ya duka, na mchezaji anayeinuka kwenda kupokea simu akirudi anakuta kete zake zimepungua. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilikaa uani pale gesti ninapolala, nikarekodi salamu za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. "Noela mwanangu, jua limezama huku, baba amechoka, lala salama." Nikabadilisha maneno kidogo, nikarekodi nyingine. Nikamtumia mke wangu Lidwina zote, nikamwambia amchezeshee mtoto moja kila jioni. Nikajiona nina akili kuliko mkurugenzi.

Sikumhesabu jogoo.

Jogoo wa pale gesti anawika nusu, kisha anakatika na kukohoa kama mzee mvuta kiko. Asubuhi ile aliwika nyuma ya kila salamu. Ya kwanza Noela hakusema kitu. Ya pili aliinamisha sikio. Ya tatu alimuuliza mama yake, "Kwa nini jogoo wa Nalasi anawika jua likizama, kila siku, na anakohoa palepale?" Lidwina, badala ya kunitetea, alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo mtoto akafunga mdomo.

Nikapiga. Akapumua. Simu akaichukua mama yangu, Kunegunda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mke mwenzangu anasema hana maneno na wewe."

Mama na Noela wanaitana wake wenza, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu, na wakiungana hakuna mwanamume anayepona.

"Mwambie namuomba msamaha."

"Msamaha wa mdomo mtupu? Juzi tulipopokea posa ya Oliva mdogo wako, wazee walikaa kimya mkekani mpaka wale wakwe wakatoa hela ya kifungua mdomo, ndipo wakawajibu. Noela alikuwepo, alishika sahani. Naye anataka chake."

"Mama, huyo ni mtoto wangu, siyo mchumba!"

"Mimi ni mshenga tu, usinigombeze. Anamtaka yule jogoo."

"Yupi?"

"Shahidi," mama akasema, akakata simu.

Sasa yule jogoo ni wa Bi Sharifa mwenye gesti, na Bi Sharifa hauzi kitu anachokipenda. Nikafikiri: jogoo ni jogoo. Jumamosi nikapita sokoni Tunduru, nikanunua mwekundu mmoja mnene, mzuri kuliko yule mara mbili. Nikafika nyumbani nimemkumbatia. Noela akampokea kwa mikono miwili, akamfunga kwenye mpera, hakusema kitu.

Asubuhi jogoo akawika. Akawika vizuri, mpaka mwisho, bila kikohozi. Noela akachukua simu ya mama yake, akachezesha salamu yangu moja, akasikiliza, akamwangalia bibi yake.

"Siye," mama akatangaza. "Mkwe ametudanganya mara ya pili."

Yule mwekundu tulimla Jumapili baada ya misa. Noela alikula mapaja yote mawili akiwa kimya kabisa.

Jumatatu nikarudi Nalasi, nikaenda kwa Bi Sharifa nimevua kofia. Nikamweleza yote, kwa sababu uongo ulikuwa umeshanigharimu kuku. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo mtoto kakushika kwa sauti ya jogoo wangu! Mashallah. Lakini simuuzi. Huyu ndiye anayeniamsha sala ya alfajiri."

"Si una simu? Ina kengele."

"Kengele naizima kwa kidole nikiwa bado nimelala. Huyu utamzima wapi?"

"Bi Sharifa, mtoto haongei na mimi."

Akanitazama. Kicheko kikaisha. "Nipe ile redio yako ndogo ya kwenye lori, umchukue. Halafu wewe ndiye utaniamsha. Saa kumi na moja alfajiri, kila siku ya Mungu, unapiga mpaka niitikie."

"Kila siku?"

"Na usinitumie za kurekodi."

Jogoo akasafiri kwenye kiti cha mbele, miguu imefungwa. Kuanzia Tunduru mpaka Songea alikohoa na kunya, kunya na kukohoa. Tulifika mchana. Noela akamfunga mperani pale pale pa marehemu, akamsogezea maji.

Kesho yake asubuhi jogoo akanyoosha shingo, akawika nusu, akakatika, akakohoa. Mama akapiga kigelegele kama posa imekubaliwa. Noela akaja mpaka nilipokaa kwenye kigoda, akasimama mbele yangu.

"Baba."

"Naam, mama."

"Jino langu la mbele limetoka." Akanyanyua mdomo nione pengo. "Lilitoka siku ya salamu ya pili. Nilitaka kukwambia, lakini ile simu haikuwa inasikia."

"Liko wapi nilione?"

"Tulishalirusha juu ya bati na bibi."

Akakaa mapajani pangu akaanza kumwaga habari za wiki mbili, mbuzi, mwalimu, Oliva, nani kamsukuma nani, na mimi nikasikiliza mpaka chai ikapoa. Tangu hapo nampigia kila jioni mwenyewe. Kete zangu wanaiba, waibe.

Lidwina yeye ana swali lake. Anataka kujua Sharifa ni nani, ninayemnong'oneza alfajiri "amka, amka" nikiwa kitandani kwangu. Nimemweleza mara nyingi. Anasema atapanda lori akamwone.

Hesabu ya salamu zile za kurekodi ni hii: jogoo wawili, redio moja, kiti cha lori kinachonuka mpaka leo, usingizi wangu wote wa alfajiri, na jino moja lililoko juu ya bati ambalo sikuliona.